Kinywa cha Biyeon

Biyeon alikuwa mwanamke wa kinyongo, na wanaomwita malaika hawakumjua. Picha zake za sinema zote zimeungua au kuoza, na kilichobaki ni picha moja ya sura yake iliyotundikwa katika nyumba za ngoma pale Jinju, kusini mwa Korea. Wasichana huiinamia kabla ya kushika panga zao fupi za shaba, na walimu huwaambia kwamba bibi huyu alikuwa mpole, hakuwahi kumjibu mtu vibaya. Upole upi? Mtu mpole hakiweki kisasi moyoni kama mboga kwenye mtungi, akangoja ichachuke barabara ndipo aipakue mbele za watu. Biyeon alikiweka, akakingoja, akakipakua, na mimi sioni kwa nini tumwonee haya.

Mama yake alikuwa mjane aliyefua nguo za watu mtoni Nam, akizipondaponda kwa gongo juu ya mawe hata wakati wa barafu. Mtoto wake mmoja tu alikuwa Biyeon. Alipoona msichana ana miguu myepesi, alimpeleka kwenye chama cha wacheza ngoma akafundishwe ngoma ya panga, ile ambayo Jinju tunajivunia. Majirani walimsema vya kutosha. Walisema amemuuza mwanawe kwa wanaume wa karamu, kwamba msichana anayeimba wanaume wakinywa hana tofauti na chombo cha pombe. Mama Biyeon hakugombana nao. Aliendelea kuponda nguo zao.

"Semeni," aliwaambia. "Iko siku mtasukumana mlangoni ili mumwone."

Siku hiyo ilikaribia kufika. Biyeon alihamia Seoul pamoja na dada yake wa chama, Wolseon, mnene, mcheshi, mwenye ulimi kama shubiri. Huko mwongozaji wa picha aitwaye Mun alimwona akicheza panga kwenye sherehe ya tajiri mmoja, akamwomba acheze katika sinema. Ilikuwa enzi ambayo sinema hazikuwa na sauti. Kando ya pazia jeupe alisimama msemaji, na huyo ndiye aliyesema kwa niaba ya wote: hakimu, mwizi, bibi kizee, mtoto mchanga. Watu hawakuja kumtazama mchezaji, walikuja kumsikiliza msemaji. Msemaji akisema huyu analia kwa uchungu, basi ni uchungu. Akisema analia kwa sababu figili zimemjaza gesi, basi ukumbi mzima unashika mbavu, na mchezaji hana pa kwenda kushtaki.

Msemaji mkubwa kuliko wote pale mjini alikuwa Pyo Gihwan. Alivaa koti refu jeusi lenye mkia, nywele amezilaza kwa mafuta, na sauti yake, lazima tuseme kweli, ilikuwa tamu hadi ikamdhuru mwenyewe. Wanawake walimpelekea maua. Wenye majumba ya picha walimwamkia kabla hawajawaamkia wake zao. Mtu akiabudiwa hivyo kila jioni, mwisho hudhani kila kilicho gizani ni chake.

Baada ya picha ya kwanza ya Biyeon wote walikwenda kula supu ya mifupa. Pyo akakaa karibu naye kuliko ilivyohitajika, akaweka mkono juu ya goti lake.

"Unajua, dada," alisema, "mimi ndiye ninayekupa uhai. Bila mimi wewe ni kivuli ukutani."

Biyeon aliuinua ule mkono kwa vidole viwili, akauweka mezani kama mtu anayeondoa mfupa kwenye bakuli.

"Basi, Bwana Pyo, kiache kivuli kinywe supu yake, kisije kikapoa."

Wolseon alicheka mpaka supu ikamtoka puani. Meza nzima ikacheka. Hata mwenye duka, aliyekuwa akikata vitunguu, alicheka. Pyo naye alicheka, lakini aliinuka mapema, na Biyeon hakulitilia jambo hilo maanani. Hapo alikosea. Mwanamume aliyezoea kupigiwa makofi ukimcheka mara moja hulala na kicheko hicho, huamka nacho.

Picha ya pili ilimhusu binti anayerudi nyumbani na kumkuta baba yake amekwisha tiwa jenezani. Biyeon alipoicheza alimfikiria baba yake mwenyewe, na Mun hakuhitaji kumwambia alie. Picha ilipokuwa tayari alimwita mama yake kutoka Jinju. Mama Biyeon alipanda gari moshi kwa mara ya kwanza maishani, amevaa nguo nyeupe alizozipiga wanga mwenyewe, na matunda makavu ya persimoni ndani ya kitambaa kwa ajili ya watu waliokuwa wema kwa mwanawe. Biyeon alikutana na Pyo mlangoni mwa jumba la picha, na kwa adabu tu akamtambulisha. Pyo aliinama chini kabisa, akapokea persimoni kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "keti vizuri. Leo utamsikia binti yako."

Walikaa safu ya tatu, upande wa wanawake. Ukumbi ulinuka ngisi mkavu, na kila mtu alikuwa akitafuna. Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha binti akaingia chumbani, akaliona jeneza, akapiga magoti na kulalia kifuniko, mabega yakitikisika na mdomo ukifunguka kumwita baba. Pyo akakohoa kidogo, akachukua lafudhi nzito ya kusini, ile ambayo watu wa Seoul huitumia wanapomwigiza mshamba.

"Baba wee! Umekufa hujaniambia mtungi wa pombe umeuficha wapi! Haya, mimi narudi kwa mabwana zangu wa karamu, maana kitanda bado kina joto!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu walirushiana maganda ya karanga. Biyeon akahisi uso ukimwaka, akamgeukia mama yake. Mama Biyeon hakuwa akitazama pazia tena. Alikuwa akiitazama mikono yake iliyopasuka kwa kufua nguo za watu, ameiweka juu ya magoti.

Walitoka kabla picha haijaisha. Barabarani mama akasema taratibu, "Juu ya jeneza la baba yako?"

"Mama, si mimi niliyesema. Ni yule bwana. Maneno ni yake."

"Usinifanye mjinga, mwanangu. Nimeona mdomo wako ukifunguka."

Biyeon alieleza tena na tena, mpaka stesheni. Lakini utamwelezaje mtu ambaye hajawahi kuona sinema, ambaye ameona mdomo wa mwanawe ukifunguka na papo hapo akasikia maneno? Katika Seoul yote hakuna ambaye angekosea hivyo. Mwanamke wa mtoni alikosea, na kosa hilo lilikuwa kubwa kuliko uwezo wa binti yake kulirekebisha. Alipanda gari moshi bila kugeuka nyuma. Mapersimoni yaliyobaki aliyaacha kwenye benchi.

Majirani Jinju walipomuuliza habari za Seoul, Mama Biyeon hakuwajibu. Walijijibu wenyewe, kwa furaha. Majira ya baridi yalipofika kikohozi kilimlaza, na shangazi aliyemuuguza alimwambia Biyeon ukweli baada ya mazishi, kwa sababu katika ukoo ule hawakujua kupamba maneno.

"Nilimuuliza tukuite. Alikataa. Alisema hataki ulie juu ya jeneza lake, maana amekwisha kusikia unavyolia."

Biyeon hakulia. Alirudi Seoul amekauka, na alipovua viatu chumbani Wolseon alimtazama akaacha mzaha wake mlangoni.

"Sema unachotaka," Wolseon alisema. "Nikammwagie Pyo choo kwenye lile koti?"

"Koti litafuliwa. Nataka kitu kisichofulika."

Wolseon akafikiri, akashusha sauti. Kila onyesho, nyuma ya ukumbi, alikaa askari wa Wajapani, waliokuwa wakiitawala nchi, na upanga wake, akisikiliza kama msemaji ataitukana serikali. Neno moja lingetosha. Wolseon alijua hata neno gani, kwani Pyo akilewa aliwatukana sana.

"Hapana," Biyeon alisema. "Wale wakimchukua atakuwa shujaa, na mimi nitakuwa mbwa wao. Huyu ni wangu. Nitamvua nguo kwa mkono wangu, na kamba ya kujinyongea atakuwa ameishika mwenyewe."

Hakujua bado atafanyaje. Alichojua ni kwamba ugomvi wake ulikuwa juu ya kinywa chake. Kila alipokifungua mbele ya kamera, Pyo aliingia ndani akakaa. Aliendelea kucheza ngoma karamuni, akakataa picha zote, na watu wakasema aibu imemmaliza. Hakuwabishia. Mwaka uliofuata, mvua za majira ya joto zilipokwisha, alimwendea Mun.

"Niandikie bubu," alimwambia.

Mun alikuwa mtu mwema, mzito kidogo wa kuelewa mambo. "Dada, picha zetu zote ni bubu."

"Namtaka awe bubu hata huko ndani ya picha. Mjane bubu. Na watazamaji wasilijue mpaka mkanda wa tatu."

Mun alikuna kichwa. Kisha akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkauka. "Pyo ataitazama picha kwanza. Kila msemaji huitazama kwanza."

"Wasemaji wadogo ndio wanaotazama. Huyu siku hizi hatazami kitu. Hujamsikia akijisifu? Anasema mmpe pazia na glasi moja, mengine atayajua humo humo."

"Na ile karatasi ya muhtasari tunayompa?"

"Mwandikie mjane mzuri, kijiji, kesi. Uongo uko wapi?"

Kwa hiyo Mun aliandika, na picha ikapigwa. Biyeon aliicheza kwa uangalifu ambao hakuwa ameuonyesha tangu aanze kazi. Tangu mwanzo hadi mwisho hakuufungua mdomo hata kidogo. Waliokuwa wakishika taa walidhani ni maringo.

Walifungua siku ya sikukuu ya mavuno, onyesho la mchana. Watu walikuwa wametoka kuwatolea wazee waliokufa mikate ya mchele iliyopikwa juu ya majani ya msonobari, wameshiba, wamevaa vizuri, wanatafuta pa kuchekea. Ukumbi ulijaa hadi wengine wakakaa sakafuni. Biyeon aliketi safu ya tatu, upande wa wanawake, pale pale alipokaa mama yake. Wolseon alimshika mkono, akautoa upesi.

"Mkono wako ni wa baridi kama samaki," alinong'ona.

"Nyamaza utazame."

Pyo aliingia kwa makofi. Alikuwa na glasi yake. Katika karatasi ya muhtasari aliona jina la Biyeon, na moyo wake ukachangamka, maana alijua watu wanataka nini. Picha ilipoanza, mjane akaonekana kisimani, akipokea njugu za kuchoma kutoka kwa mchuuzi na kumwinamia kwa shukrani.

"Ee kaka mwenye njugu," Pyo alisema kwa ile lafudhi ya kusini, "mbona leo umenipa ndogo? Jana usiku zilikuwa kubwa kubwa!"

Kicheko. Mjane akapita mbele ya mtawa wa kiume, akainamisha macho. Pyo akampa mtawa ushauri wa kitandani kutoka kinywa cha mjane. Kicheko kikubwa zaidi. Mjane akampakulia mama mkwe uji, na Pyo akamtukania mama mkwe meno yake. Mdomo wa mjane ulikuwa umefungwa muda wote huo, lakini Pyo hakuuona, kwa kuwa hakuwa akiutazama. Alikuwa akiwatazama watu wake. Biyeon alikaa wima, akayasikia matusi yote, akamwachia Pyo kamba, na kila tusi alilipokea kama mtu anayepokea kuni.

Ulipokuja mkanda wa tatu, mjane alikuwa ameburutwa uani kwa hakimu, ameshitakiwa uzinzi. Hakimu akampigia kelele ajitetee. Pyo alimsemea hakimu kwa sauti ya radi, kisha akamgeukia mjane, "Ah, bwana hakimu, usiwe mkali, nipe nafasi nikuonyeshe…" Kabla hajamaliza, mama mkwe alijitupa mbele, akagusa koo la mjane kwa vidole vyake, akatikisa kichwa. Maandishi yakajaza pazia zima, meupe juu ya meusi: *Bwana, mkwe wangu ni bubu. Hajatamka neno tangu azaliwe.*

Hakuna aliyetafuna. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na minong'ono ikaenda mpaka safu za nyuma. Kisha upande wa wanaume, mtu mmoja akauliza kwa upole kabisa:

"Bwana Pyo, kule kisimani alikuwa akiongea nani?"

Walicheka, ila safari hii hawakumcheka mjane.

Pyo akajibu: "Alikuwa akisema moyoni."

"Moyo wa bubu una lafudhi ya Jinju?"

"Labda alikuwa ni mkewe Bwana Pyo!" akadakia mwingine. "Zile njugu za jana usiku!"

Aliyechimba shimo alikuwa amekwisha tumbukia, na ukumbi mzima ulichungulia. Kila alipofungua mdomo, watu walipaza sauti pamoja, wanaume kwa wanawake, "Bubu! Ni bubu!" Alijaribu kumsemea hakimu, wakamwambia hata hakimu hawamwamini. Askari nyuma alinyanyuka aone kuna nini, akakuta hakuna kosa la kuandika, akaketi.

Ndipo hakimu kwenye pazia akaamuru kwamba kama mwanamke hana ulimi, aeleze kwa njia yoyote aliyo nayo. Mjane akaokota panga mbili fupi. Kwenye pazia Biyeon alicheza ngoma ya kwao, panga zikizunguka shingoni mwake, akipiga magoti na kuinuka, na kila mtu aliona mume aliyekufa, deni la shamba, mwanamume aliyeusukuma mlango. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Pyo, kwa mazoea, akavuta pumzi aanze. Kikongwe mmoja safu ya mbele akamnyooshea fimbo.

"Nyamaza, mwanangu. Tunamwangalia."

Alinyamaza. Mpiga ngoma wa ukumbi alianza kupiga polepole akifuata miguu ya mjane, na Pyo Gihwan akakaa kitini. Mjini pale hakuna aliyewahi kumwona msemaji amekaa picha ikiendelea. Wanawake walilia hadi vitambaa vikalowa, na Biyeon, katikati yao, alihisi utamu ambao sitawadanganya kwamba ulikuwa kitu kingine. Ulikuwa utamu wa kuona adui yako anakunjamana.

Watu walipotoka alibaki kitini. Wafagiaji waliingia kukusanya maganda. Pyo alishuka akaja mpaka mbele yake, nywele zimemwangukia.

"Umefurahi?"

"Bado."

"Mwenye jumba amekwisha niambia nisirudi kesho. Kufikia kesho kutwa miji yote itakuwa imesikia. Unataka nini tena? Nipige magoti?"

"Magoti yako sina kazi nayo. Ile picha ya jeneza. Sema alichosema yule binti."

Pyo alielewa. Alirudi kando ya pazia tupu, akaanza kwa sauti yake mwenyewe, bila lafudhi.

"Baba, ulinivusha mto mgongoni, ukaniambia nisitazame maji. Leo nimekuja nikuvushe mimi, nakuta wamekwisha kukupigilia misumari. Nifungulie kidogo tu, baba. Sitatazama maji."

Mfagiaji mmoja aliweka ufagio chini, akageukia ukuta akifuta macho. Hata Wolseon, ambaye hakulia kwa mtu, alishika pua yake. Biyeon peke yake ndiye hakuguswa, au aliguswa kwingine. Muda wote alikuwa ameamini kwamba Pyo alikuwa mtu wa hovyo, mlevi asiye na kingine tumboni ila uchafu. Alikuwa ametoka nyumbani siku ile akidhani kwamba akishamwaibisha ataweza kumsahau.

"Umeyatunga sasa hivi?" aliuliza.

"Hapana." Pyo aliinamisha uso. "Ile picha niliitazama mapema. Ndiyo ya mwisho niliyoitazama kabla ya onyesho. Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyaandaa."

"Ulikuwa nayo mdomoni siku ile."

"Nilikuwa nayo."

"Na mama yangu amekaa hapa."

"Nilimwona. Nilikuwa na hasira kwa ajili ya ile supu."

Biyeon aliinuka, akakung'uta sketi yake. Wolseon alidhani atampiga, akajiandaa kumsaidia.

"Kesho kuna gari moshi la asubuhi la Jinju," alisema. "Utakwenda nami. Utayasema kwake."

"Nikienda utanisamehe?"

"La. Lakini utakwenda."

Alikwenda. Ilikuwa bado sikukuu, na vilima vya Jinju vilijaa watu waliokuja kukata nyasi za makaburi, pamoja na majirani wale wale wenye midomo. Walimwona bwana wa koti la mkia amesimama mbele ya kilima kidogo cha udongo, kaburi la Mama Biyeon, na binti wa mfua nguo nyuma yake, ameshika mundu wa kukatia nyasi. Pyo alisema maneno yote, tangu mto mpaka misumari, na watu wakaacha kazi wakasogea. Shangazi aliketi chini kwa kishindo, akafunika uso kwa kitambaa. Pyo alipomaliza alijifuta jasho, akageuka.

"Rudia," Biyeon alisema. "Mama alikuwa na masikio mazito."

Akarudia. Biyeon akamwambia arudie tena, na tena, jua likishuka, majirani wakichoka na kurudi mmoja mmoja kwenye makaburi yao. Sauti ile iliyomlisha maisha yake yote ikaanza kukwaruza, ikapasuka, mwisho ikawa pumzi tupu, midomo inafunguka hakuna kinachotoka. Biyeon aliitazama ile midomo kwa muda. Kisha akakusanya vyombo vya sadaka, akashuka kilima na shangazi yake, na Pyo wakamwacha pale pale.